Zamu Kwenye Geti la Fanaka

Rotterdam,
9 Februari 2025

Waya mpendwa,

Nimekupigia simu Jumapili tatu mfululizo. Inalia mpaka inachoka. Nikamwandikia jirani yako wa ploti, akasema amekuona ukipita asubuhi na mfuko wako, uko mzima. Basi nikasema, waya yangu, shangazi aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kuandika barua kabla mwalimu hajafika huko, acha nimwandikie barua nzima, nimtumie kwenye simu hiyohiyo.

Mimi niko salama. Baridi ya huku sasa nimeizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Kazi inaendelea vizuri.

Nina ombi. Unakumbuka likizo za darasa la nne, ulipokuwa ukienda na mimi hadi geti la Fanaka Estate kwa sababu pale Mukuru hapakuwa na wa kuniacha naye? Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wewe, dadake, ulinichukua kama mtu anayerudi kuchukua mtoto wake aliyemsahau mahali. Nawakumbuka nyinyi akina mama mmeketi kwenye ule ukuta mfupi, ndara mmezivua, mnangoja watu wa flati watoke kutafuta wa kuwafulia nguo. Lakini sikumbuki mlijuaje nani aende. Nani huamua? Aliyefika mapema? Aliye na nguvu? Huwa mnakosana?

Niandikie yote, usiache kitu. Kwa nini nauliza, nitakuambia siku nyingine.

Mtoto wako,
Maurine


Mukuru kwa Njenga,
16 Februari 2025

Mwanangu Maurine,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mambo ya simu usijisumbue nayo. Spika ilikufa. Ukipiga naona tu mwanga. Kuandika ni sawa, na tena nimefurahi, kwa sababu siku hizi watu wanatumiana vidole gumba tu na kusema wamesalimiana.

Umeuliza habari za geti. Anayefika kwanza anaandikwa kwanza. Daftari linashikwa na Kalekye, yule mrefu wa kutoka Machakos aliyekuwa akikupa mahindi. Mtu wa flati akitaka wa kumfulia anamwambia soja anayelinda geti, soja anaita, "Mmoja, B4!" na Kalekye anasoma jina lililo juu. Unanyanyuka, unaenda.

Lakini daftari si msumari. Ukiwa na mtoto mgonjwa, jina lako linapanda. Ukifiwa, linapanda. Mwaka ule Kalekye alipovunjika mkono tulimweka wa kwanza kila siku, na mmoja wetu akawa anaenda naye, kwa sababu mkono mmoja haukamui blanketi. Kukosana tunakosana. Hata mimi, Truphena huyu unayemjua, nilishawahi kurushiwa maji ya sabuni, na nilirudisha. Lakini kesho yake tuliketi pamoja.

Na nyumba ikiwa mbaya, namba yake inaandikwa nyuma ya daftari. Kuna moja ya D ambayo haijapata mama fua tangu mwaka juzi, kwa sababu bwana wa pale ana mikono isiyokaa mahali pake. Soja anaita, sisi tunaangalia barabara.

Mimi sijambo. Jana nimefua nyumba mbili. Mikono imechoka lakini roho iko juu.

Waya wako,
Truphena


Rotterdam,
2 Machi 2025

Waya mpendwa,

Sasa nikuambie, kwa sababu barua yako imenifanya nione aibu. Nilikuuliza kama mtoto anayetaka kukumbuka kwao. Hiyo ilikuwa nusu.

Unajua nimeajiriwa na Ordelin. Sijawahi kukueleza vizuri wanachofanya. Ni kampuni kubwa, iko katika nchi kumi na nane. Mtu akitaka wa kumsafishia nyumba, kumfulia au kumpikia, anagusa simu yake, na mtu anatumwa. Sasa wakubwa wanataka kuamua kama waingie Nairobi, na macho yao yako Eastlands, kwa sababu flati ni nyingi na kila wiki watu wanafuliwa nguo. Ripoti ya kuwashauri nimepewa mimi. Bosi wangu, Marijke, si mtu mbaya. Alifunga mlango akaniambia, "Wewe umetoka huko. Niambie kama tukienda tutafaa au tutaharibu."

Waya, nimeona jinsi mambo yanavyokwenda katika nchi nyingine. Kila kazi ukimaliza unapewa nyota. Ukichelewa kujibu, unashuka. Mama akikataa kazi mbili kwa sababu mtoto ana homa, mashine haijui kuna mtoto. Inajua amekataa. Na ile nyumba ya D, nani ataiandika nyuma ya daftari?

Naelekea kuwaambia wasije. Wewe unaonaje? Na simu mpya nitakutumia, kuna mwenzangu anakuja Nairobi mwezi ujao.

Wako,
Maurine


Mukuru kwa Njenga,
9 Machi 2025

Mwanangu,

Simu usitume. Hii inanitosha kwa kusoma.

Nimefurahi kwamba watu wakubwa namna hiyo wanakungoja wewe useme. Baba yako alifanya kazi reli miaka ishirini na sita na hakuna siku aliulizwa treni iende wapi.

Na mimi nina maswali, maana umeniuliza naonaje na sijaona bado. Huyo mwenye nyumba akikutaka, anakupigia ama anakuandikia? Ukifika kwake, kazi unaelezwa kwa mdomo ama imeandikwa mahali? Na mkikosana, kuna pahali unaweza kuandika upande wako, mtu akausoma?

Nauliza tu. Geti liko salama. Kalekye anakusalimu sana.

Uamuzi ni wako, wewe ndiwe umesoma. Lakini usiharakishe kwa ajili yangu.

Truphena


Rotterdam,
30 Machi 2025

Waya yangu,

Siku tatu zimepita na bado furaha haijaniisha. Alhamisi nilisimama mbele ya watu kumi na wawili. Nilikuwa na ramani na michoro, kila kitu kinachotakiwa. Halafu nikaweka hayo kando, nikawasomea barua yako. Niliitafsiri mwenyewe, neno kwa neno. Nilipofika pale pa mkono mmoja haukamui blanketi, Marijke aliweka kalamu chini.

Mkuu wa fedha akauliza, "Kwa hiyo wana mfumo wao tayari?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Na una huruma kuliko wetu."

Uamuzi wa mwisho ni tarehe ishirini Mei, lakini karibu wote wanaelekea kusema hapana. Waya, nimelinda geti letu!

Uliuliza kama watu hupigiwa simu. La, kwetu ni maandishi matupu. Kazi imeandikwa, maagizo yameandikwa, malalamiko yameandikwa, na ya pande zote mbili. Kuna wafanyakazi wanaosema wamefanya kazi nyumba moja mwaka mzima na hawajawahi kusikia sauti ya mwenye nyumba. Unaona ilivyo baridi?

Nipe jibu haraka, nataka kusikia umefurahi.

Maurine


Mukuru kwa Njenga,
21 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimekuchelewesha. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Leo ni Jumatatu ya Pasaka, sina pa kwenda, acha niimalize.

Spika ya simu haijafa. Ni masikio yangu.

Mwaka jana mwezi wa tano nilikuambia nina malaria. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Nililala hospitali wiki tatu, na nilipopata fahamu nilimwona nesi akifungua mdomo na kuufunga. Nikadhani ananiombea. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba huenda kusikia kutarudi. Hakujarudi. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia lina mlio kama wa nzi ndani ya chupa, mchana kutwa. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na miezi miwili tu kwenye hiyo kazi, na nakujua. Ungepanda ndege. Ulipokuwa ukipiga nilikutumia ujumbe wa visingizio, mara mtandao, mara chaji, mpaka vikaniishia.

Nilirudi geti mwezi wa saba. Nilikuwa nikitazama midomo ya Kalekye na kujifanya nasikia. Siku nyingine jina langu liliitwa likapita, wakadhani nachagua nyumba. Nikawaacha wadhani hivyo.

Kisha Septemba nilikuwa B7, ghorofa ya tatu. Maji yalikuwa yamepotea tangu Jumanne, nafua kwa ya mtungi. Bomba la jikoni lilikuwa limeachwa wazi, na nani sijui. Nikapanda juu kuanika, nikashuka, nikaketi kwenye balkoni kusugua viatu, nyumba nimeipa mgongo. Maji yakarudi. Mtu mwingine yeyote angeyasikia yakikohoa kwenye bomba. Mimi niliyajua yaliponigusa nyayo. Zulia lilikuwa limeloa lote, na yalikuwa yamepenya hadi nyumba ya chini, kwenye televisheni yao. Wenye flati walifungia mama fua wote geti wiki mbili. Kalekye akakata jina langu. Sikumwambia sababu. Niliona afadhali niitwe mzembe kuliko niitwe kiziwi.

Tangu hapo niko soko la Muthurwa, siku tatu kwa wiki, nachambua maharagwe kwa mfanyabiashara anaitwa Waringa. Ni mtu mwema. Akinihitaji anagonga meza, nasikia kwa viganja. Siku zile nyingine nazunguka na mfuko wangu nikitafuta.

Kwa hiyo yote niliyokuandikia kuhusu geti ni kweli, isipokuwa lile la kwamba jana nimefua nyumba mbili, na lile la salamu za Kalekye. Umelinda geti, mwanangu, na mimi siketi hapo.

Na kuna jambo bado sijakuambia. Uliandika kwamba huko kwenu mtu anafanya kazi mwaka mzima bila kusikia sauti ya mwenye nyumba, ukasema ni baridi. Mimi nilisoma hayo nimeketi juu ya gunia la maharagwe, nikalia mpaka Waringa akaja. Nikasema, kumbe kuna mahali.

Nisamehe kwa kukudanganya. Nilitaka uwe na waya wa kujivunia.

Truphena


Rotterdam,
22 Aprili 2025

Waya,

Nimetoka kazini nikatembea mpaka nikajikuta kando ya mto, na sijui nilipita njia gani.

Nilimkasirikia Kalekye. Halafu nikakukasirikia wewe. Halafu ikabaki mimi. Nilikuuliza unaonaje nikiwa na jibu langu mfukoni. Maswali yako ya Machi yalikuwa wazi kama mchana, na mimi nikayajibu kama mtu anayejaza fomu, nikarudi kujisifu. Na ningekuwa na waya wa kujivunia hata ungekuwa huna kichwa, sembuse masikio.

Nataka kumwendea Marijke nimwambie ripoti yangu imesimama kwa mguu mmoja. Huenda wasiniamini tena, lakini hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba habari hizi ni zako. Unaniruhusu kuzisema? Na Kalekye, anajua? Sitaki tena kumzungumzia mtu ambaye hajui kwamba anazungumziwa.

Maurine


Geti ya Fanaka,
4 Mei 2025

Maurine,

Sasa. Mimi ndio Kalekye mwenye kitabu. Naandika na kalamu, Truphena atapiga picha akutumie. Sijaandika barua tangu niache shule kwa hivyo nivumilie.

Alikuja hapa Alhamisi akanipea karatasi. Ameandika yote, ile homa, ile masikio, hata hiyo kazi yako. Nikasoma pole pole. Wenzangu wananiuliza, "Kalekye, ni nini? Nani amekufa?" Nikairudia kutoka juu.

Wacha nikuambie vile ilikuwa. Jina nilikata mimi mwenyewe. Tulifungiwa geti wiki mbili, wamama kumi na tisa, na kila mtu anaangalia mimi kwa sababu mimi ndio na kitabu. Hiyo siku nilimuita, "Truphena, si useme kitu! Jitetee!" Akaniangalia tu hivi. Nikaona ni madharau. Miaka yote tumekaa na yeye, anaanza kunidharau mbele ya soja.

Sasa najiuliza, ningejua haskii ningefanya nini? Nimejiuliza tangu hiyo Alhamisi. Pengine bado ningemkata, juu ya wale wengine kumi na nane. Hiyo ndio kitu inaniuma. Ningekuwa na uhakika ningemwacha kwa kitabu, ningelala vizuri.

Na hao watu wako. Mimi niko na miaka hamsini na sita. Simu yangu ni ya kubonyeza, na nikisoma maandishi madogo macho inatoa machozi. Wakikuja, Truphena ataandikiwa na atapata kazi, na nitafurahi, haki ya Mungu. Mimi nani ataniandikia? Hapa watu wa flati hawajui kusoma nyota yangu. Wanajua uso yangu. Wanajua nguo ya mtoto mchanga nafua na maji yake peke yake.

Kwa hivyo ukienda kuongea huko usiseme sisi ni wabaya. Na usiseme tena vile ulisema kwanza, kama sisi ni kwaya ya kanisa.

Truphena nimemwambia pole. Nilisema na mdomo, halafu nikakumbuka, nikaandika.

Kalekye


Mukuru kwa Njenga,
6 Mei 2025

Mwanangu,

Umeona barua ya Kalekye. Aliandika akiwa ameuma ulimi kama mtoto wa nasari, na alifuta sana. Haikuwa rahisi kwangu kwenda pale. Nilipita geti mara mbili kama mtu anayeelekea mahali pengine. Mara ya tatu soja alininyooshea kidole, nikaona afadhali niingie kuliko nikimbie.

Ruhusa unayo. Sema jina langu, usiseme "mwanamke mmoja."

Waambie hivi. Kama watakuja, waje wakijua kuna mtu watakayemwinua na kuna mtu watakayemwacha ukutani, na wote wawili wamefua nguo miaka ishirini kwenye estate moja. Wafikirie watafanya nini na huyo wa ukutani kabla hawajafika, si baada. Kama hawatakuja, hayo ni yao. Lakini wasiseme wanatulinda. Mimi nililindwa na ripoti yako, Maurine, na nilikuwa nachambua maharagwe.

Sisemi hivyo nikuumize. Nimesema kwa sababu wewe ndiwe utakayelibeba neno hili, na sitaki lipunguzwe njiani.

Vaa lile koti lako zito. Ulisema Mei huko bado kuna upepo.

Waya


Rotterdam,
23 Mei 2025

Waya mpendwa,

Yamekwisha. Nitakueleza kwa utaratibu.

Tarehe ishirini nilisimama tena mbele yao, nikaanza kwa kusema kwamba niliyowaambia Machi yalikuwa kweli, na kwamba yalikuwa nusu. Mkuu wa fedha aliguna. Nikasoma barua zenu, ya kwako na ya Kalekye, na nikataja majina. Sikupunguza. Pale uliposema wasidai kutulinda, watu walitazama meza, na sikujua kama ni aibu au ni kuchoka.

Kisha wakaanza kuzungumza, na ikawa jambo la ajabu. Mmoja akasema, "Basi tuingie, huyu Truphena ndiye tunayemtafuta." Mwingine akasema, "Lakini akina Kalekye ni wengi zaidi." Kila mmoja alimshika mmoja wenu akampiga naye mwenzake. Niliketi pale nikiwaona nyinyi wawili mnarushwa huku na huku juu ya meza, na nyinyi mko Mukuru mnapika chai. Nilisema, "Hawa si pande mbili. Ni marafiki." Marijke alitikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

Wamepiga kura. Hawaji. Wamesema wenye nyumba wa Eastlands wamezoea geti, na kuwabadilisha kutachukua miaka mingi kuliko wanavyoweza kungoja. Wanaingia Lima kwanza. Si kwa ajili yako, wala si kwa ajili ya Kalekye. Marijke alinifuata nje akaniambia ripoti ya pili ndiyo bora aliyoisoma tangu aanze kazi, na kwamba haikubadilisha kitu. Nafikiri alikuwa ananiheshimu kwa kuniambia hivyo.

Waya, nilipokuwa nahesabu miaka niliyokaa hapa nikitaka kuwa mtu wa maana, nilifikiri siku moja nitafungua mlango upite. Mlango ulikuwa mkononi mwangu Machi nikaufunga mwenyewe, nikacheka. Mei nimeusukuma, na hauko mkononi mwangu tena.

Nimeomba likizo. Nakuja Agosti, siku kumi. Hiyo sikuombi ruhusa.

Maurine


Geti la Fanaka,
21 Juni 2025

Mwanangu,

Tazama hapo juu nilipoandikia.

Kalekye alinifuata Muthurwa wiki ya pili baada ya barua yako. Hajawahi kufika upande ule wa maharagwe, alipotea kwenye vitunguu akaja amekasirika. Akachukua kalamu ya Waringa, akaandika kwenye kipande cha gunia la karatasi: NJOO. Herufi kubwa hivyo. Nikamwandikia chini yake, "Na wenzako?" Akaandika, "Wawili wamekataa. Wanasema B7 akikuona tutafungiwa tena."

Basi tukaenda B7, mimi na yeye. Nilikuwa na barua yangu nimeiandika usiku mzima kichwani na asubuhi kwenye karatasi. Mwenye nyumba anaitwa Wangeci, mwalimu, mtu wa miwani. Alipofungua mlango akaniona, uso wake ulifunga. Nikampa karatasi. Akaisoma hapo mlangoni, kisha akaingia ndani, nikadhani ameenda zake. Kumbe ameenda kutafuta kalamu. Akaandika, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikaandika, "Ungeniruhusu kuingia?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwelikweli. Akaandika, "Labda nisingekuruhusu." Na hapo nikampenda, kwa sababu angeweza kudanganya, na karatasi ilikuwa inapokea chochote.

Tulikaa kwake karibu saa nzima tukipokezana kalamu, Kalekye ameshika kikombe cha chai anatutazama kama anayetazama mpira. Wangeci ndiye aliyesema yeye huchoka kushuka ghorofa tatu kumpigia soja kelele, akaniomba namba yangu aniandikie akitaka mtu. Akawaambia jirani zake. Hivyo ndivyo ilivyoanza, hakuna aliyekaa akapanga. Sasa watu wa flati wananiandikia kwenye simu. Nasoma, namwonyesha Kalekye kwa herufi kubwa, yeye anatazama daftari na kusema nani aende. Jina linalopanda kwa ajili ya mtoto mgonjwa bado linapanda. Yeye ana nyuso zote kichwani, mimi nina maandishi. Na mimi mwenyewe nafua kama wengine, jina langu limo.

Usidhani ni sukari tupu. Wiki ya kwanza nilisoma C6 nikaonyesha G6, mama wawili wakagombana mlangoni kwa mtu. Mmoja wa wale waliokataa amehamia geti lingine, na tukikutana njiani hanitazami. Siku ambazo simu haina chaji, wananilaumu mimi kana kwamba nimekula umeme. Na bado naenda kwa Waringa siku moja kwa wiki, kwa sababu hakunifukuza wakati nilikuwa sina pa kuketi.

Masikio hayajarudi. Nimeacha kuyangoja kila asubuhi. Sasa nayangoja mara mojamoja, kama mgeni ambaye alisema labda atapita.

Kuhusu kampuni yako, usijipige. Ulifunga mlango kwa kunipenda na ukaufungua kwa kunipenda, na wao wakapita njia nyingine kwa sababu zao. Siku moja watakuja, wao ama wenzao. Kalekye anasema wakija watamkuta hapa hapa na watamwambia wenyewe, usoni, watafanya naye nini. Anasema hata wewe ukija utaulizwa, na hakupi mahindi mpaka ujibu.

Agosti basi. Ukifika usiite jina langu kutoka nyuma, utaita mpaka ukauke. Zunguka, simama mbele yangu, mahali penye mwanga. Midomo ya watu wa hapa nimeijua mmoja mmoja. Ya kwako sijawahi kuisoma hata siku moja, nyathina, mwanangu, kwa hiyo utaongea polepole mpaka nikuzoee. Tuna siku kumi.

Nilikuwa na mengine ya kukuambia, lakini Kalekye amenigusa bega. Ni zamu yangu.

Waya wako,
Truphena